Dirisha la Elfu Nane na Themanini

Waliofika Dirishani wakarudi hawapendi kusimulia, na wachache wanaosimulia hawaaminiwi. Habari hii ni ya Mwanamvua binti Athumani, mpima maji wa mji wa Vumbaru, aliyetumwa Dirishani kwa kazi ya mji wake akarudi na msiba wa nyumbani kwao. Wapo walioipamba. Hapa inaelezwa kama ilivyokuwa.

Kwanza nchi yenyewe. Dirishani ni ukuta mmoja, mrefu kuliko macho yanavyofika, na nyuma yake korido isiyo na mwisho. Upande wa huku wanakaa wahudumu na maofisa. Upande wa pili ni Bondeni, ambako watu wanalima na kuishi kandokando ya Mto Ngolowa. Ukuta una madirisha zaidi ya elfu sitini, kila moja na namba yake imechongwa juu ya jiwe. Mtu wa Bondeni akiwa na haja, hutaja namba, husimama chini ya dirisha lake na kuuliza, na mhudumu aliyekaa ndani humjibu. Kuna dirisha la kuuliza bei ya mtama. Kuna la kuuliza mwezi umeandama au bado.

Sheria ya kwanza ya nchi ni kwamba dirisha moja lina mhudumu mmoja. Akishakaa mtu, mwingine hakai. Sheria hiyo haina ubaya. Ubaya uko katika mazoea. Madirisha ni mengi kuliko watu, na mengi hayajawahi kufunguliwa tangu ukuta ujengwe, lakini kila mgeni hutaka lilelile alilosikia likitajwa, na linalotajwa kuliko yote ni la Elfu Nane na Themanini. Baba zao walilichagua, hakuna ajuaye kwa nini, na watoto hawakufikiria kuchagua jingine. Yale ya mwanzo, yaliyo kabla ya elfu na ishirini na nne, ni ya wenye vyeo peke yao. Mengi ni matupu, ila yana mapazia ya hariri na askari wa kuulinda utupu wake.

Vumbaru iko juu mtoni, mbali na Ukuta, wala hakuna njia ya kushuka kutoka huko hadi Bondeni. Zamani Liwali wa mji huo aliwaonea huruma watu wa Bondeni, ambao mto ulikuwa ukiwavamia wamelala. Akapatana na wakubwa wa Dirishani, akamkalisha kijana mmoja kwenye Dirisha la Elfu Nane na Themanini. Tarishi wakawa wanamletea vipimo vya maji kutoka Vumbaru, na watu wa Bondeni wakija kuuliza mto ukoje, yeye anawajibu. Walipozoea kuambiwa, waliacha kuutazama mto wenyewe.

Kijana huyo aliitwa Nyange. Alikuwa kaka wa Mwanamvua, na siku alipoondoka, dada yake alikuwa bado na meno ya utoto.

Kisha Liwali akafa kwa homa. Waliomrithi walikuwa na mambo yao, na tarishi wakaacha kutumwa. Si kwamba mtu alikata shauri waache. Hakuna aliyekumbuka kwa nini walikuwa wakienda. Miaka ikapita, Nyange hakurudi, na mji ukasema amekufa. Mama yake, Bi Hidaya, akamwekea matanga, majirani wakaja wakalia, wakakunja mikeka yao wakaenda.

Mwanamvua alikua akawa mpima maji. Mwaka huu tunaousimulia mvua zilinyesha milimani bila kupumzika, na ziwa linaloulisha Mto Ngolowa likajaa hadi kingo yake ya udongo ikaanza kupasuka. Mwanamvua aliwaambia wazee wa mji kwamba kingo ile ikiachia, Bondeni hapatabaki kitu. Wazee wakakumbuka kwamba kulikuwa na mpango fulani wa dirisha. Wakamtuma yeye. "Kakae kwenye la Elfu Nane na Themanini," walimwambia. "Ndilo wanalolijua. Tarishi watakufuata na habari."

Hakuna aliyemtaja Nyange. Mwanamvua mwenyewe aliondoka akiamini kwamba anakwenda mahali alikofia kaka yake.

Alipokelewa Dirishani na ofisa aitwaye Bwana Kitogo, mtu mpole, mwenye sare iliyopigwa pasi ikasimama.

"Dirisha gani, bibie?"

"La Elfu Nane na Themanini."

Bwana Kitogo alivuta kamba iliyokuwa ukutani, akasikiliza kengele ikilia mbali, kisha akasema, "Anwani hiyo inatumika."

"Inatumiwa na nani?"

"Inatumika."

"Hilo nimelielewa. Nauliza aliyekaa ni nani, na amewekwa na nani."

Bwana Kitogo alimtazama kwa mshangao wa mtu anayeulizwa rangi ya upepo. "Bibie, kila mgeni huambiwa neno hili. Wengine hurudi kwao, wengine hukaa hapa nje wakivuta kamba asubuhi hadi jioni, wakitumaini jibu litabadilika. Hakuna anayeuliza ni nani. Si adabu kumchungulia mtu kazini."

Na kweli, ukumbini walikuwapo watu wa namna hiyo, wamekaa juu ya mizigo yao. Kila baada ya muda mmoja alisimama, akavuta kamba, akaambiwa inatumika, akarudi kukaa. Mmoja alikuwa amezeekea pale.

"Kuna la pili yake," Bwana Kitogo akasema kwa upole. "Elfu Nane na Themanini na Moja. Lina kiti kizuri na halina mtu."

"Watu wa Bondeni watajuaje kwamba nipo hapo?"

"Hilo ni la huko Bondeni. Sisi tunashughulika na upande huu."

Mwanamvua aliona afadhali awe karibu kuliko kukaa ukumbini. Alipelekwa kwenye dirisha hilo, akalifungua. Chini yake, umbali wa mikono miwili tu, akawaona watu wa Bondeni wamepanga mstari mbele ya dirisha la jirani, wengine na watoto mgongoni, wengine na majembe. Mvua ilikuwa inawanyeshea.

"Jamani," aliwaita, "mto unajaa. Hameni mpande juu."

Hakuna aliyegeuka. Katika nchi ile, aliyetaja namba moja, masikio yake hufunguka kwa namba hiyo tu. Anayemwita kutoka dirisha jingine, kwake ni upepo. Mwanamvua aliita mpaka sauti ikamkauka. Ndipo aliposikia anachojibiwa mwanamke aliyekuwa mbele ya mstari.

"Mto umetulia, mama," ilisema sauti kutoka dirisha la jirani. "Laleni."

Mwanamke akashukuru, akaondoka. Akaja mwingine. "Mto umetulia, baba. Laleni."

Mwanamvua alishika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili. Sauti ile ilikuwa imezeeka, imepata mikwaruzo, lakini ilivuta neno la mwisho vilevile ilivyolivuta zamani, alipokuwa akilazwa nayo kila usiku kwenye nyumba ya mama yao. Alikuwa Nyange. Hakuwa amekufa. Alikuwa amekaa pale miaka yote, akikariri kipimo cha mwisho alicholetewa.

Baraza la Madirisha lilikutana kesho yake kumsikiliza. Mwenyekiti wake alikuwa Mheshimiwa Dihenga, mzee mwenye macho ya kuchoka. Mwanamvua alieleza kwa maneno machache: aliyekaa ametumwa na mji wake mwenyewe, aliyemweka amekufa, anachokisema si kweli tena, na watu wanakwenda kulala mbele ya mafuriko.

Mjumbe wa kwanza kusimama alisema hilo ni tatizo dogo na dawa yake inajulikana. "Tuilaze nchi, kisha tuiamshe."

Mwanamvua aliuliza maana yake. Akaelezwa kwamba madirisha yote hufungwa kwa pamoja, wahudumu wote huondolewa, kisha hurudishwa upya, na atakayewahi dirisha ndiye mwenyewe. Njia hiyo, mjumbe alisema, haijawahi kushindwa. Mara ya mwisho walifanya hivyo kwa sababu pazia moja lilikuwa limekwama.

"Na pazia likafunguka?"

"Likafunguka."

"Na wahudumu waliokuwa katikati ya kujibu watu?"

"Hao hawakuwa kwenye ajenda," alisema mjumbe. Hata hivyo, aliongeza, nchi haiwezi kulazwa kabla ya sherehe za Ukuta, na sherehe ni mwezi ujao.

Mwingine alipendekeza la Elfu Nane na Themanini na Moja lichongwe upya lisomeke Elfu Nane na Themanini, ili kila upande upate unachotaka. Hilo lilijadiliwa mpaka chakula cha mchana. Baada ya chakula, mjumbe aliyekuwa kimya akasema mhudumu aachwe akae, ila dirisha lake lizibwe matofali kwa ndani. Hivyo sheria haitakuwa imevunjwa, yeye ataendelea kujibu na hakuna atakayemsikia. Wengi walilipigia makofi wazo hilo. Kisha ikaulizwa kama kuna uhakika kwamba dirisha linatumika kweli, na kamati ikaundwa ya kwenda kuvuta kamba.

Walipotoka, Mheshimiwa Dihenga alimwita Mwanamvua kando, kwenye ngazi.

"Sikiliza, mwanangu. Maneno ya kumwondoa mtu dirishani ni mawili. La kwanza ni la upole: *maliza, funga, inuka*. Akiambiwa hilo humaliza kumjibu aliye mbele yake, hufunga pazia mwenyewe, anarudi kwao na akili zake. Lakini hulisikia kwa aliyemkalisha tu."

"Liwali amekufa."

"Basi kaka yako ni yatima wa dirisha, na yatima wote huhesabiwa watoto wa Mzee wa Kwanza, aliyeujenga Ukuta. Yeye anakaa mnarani na hazungumzi na mtu."

"Na neno la pili?"

Mheshimiwa Dihenga aliangalia chini. "La pili analisikia kwa yeyote. Lakini akiambiwa hilo hamalizi. Hata pumzi aliyoivuta haitoi. Jaribu la upole kwanza. Wewe ni damu yake, labda atakusikia. Nitakufungulia korido."

Nyange alikuwa amekaa akiwapa mgongo walio ndani, uso umeelekea nje. Nywele zilikuwa nyeupe, na kanzu aliyoshonewa na mama yao imechakaa hadi mabega yanaonekana. Mwanamvua alisimama nyuma yake.

"Kaka Nyange."

"Subiri kidogo. Kuna mtu anauliza." Akainama dirishani. "Mto umetulia, mama. Laleni." Kisha, bila kugeuka, "Wewe ni tarishi? Umechelewa sana safari hii."

"Mimi ni Mwanamvua."

Nyange alicheka taratibu. "Mwanamvua ni mdogo huyo. Hawezi kuja huku peke yake, njia ina mito miwili. Ameng'oka jino la mbele juzi tu, anaficha pengo asichekwe."

"Nimekua, kaka. Ni mimi. Maliza, funga, inuka. Twende nyumbani."

Aliyasema maneno yale kama alivyofundishwa. Nyange aliinamisha kichwa kama anayesikia kitu kwa mbali, na kwa muda mfupi Mwanamvua aliona mkono wake ukisogea kuelekea pazia. Kisha ukarudi magotini.

"Si sauti ya Liwali," alisema kwa masikitiko. "Aliniambia nisiinuke mpaka yeye mwenyewe aniambie. Kuna watu huku nje, ndugu yangu. Nikiinuka ovyo, nani atawajibu?"

"Liwali amefariki. Mto umejaa. Unachowaambia si kweli."

"Habari niliyo nayo ni kwamba umetulia. Nyingine haijaletwa."

"Mimi ndiyo habari. Mimi ndiye mpima maji."

"Haijaja kwa mlango wake," Nyange akasema. Hakusema kwa ukaidi; alisema kama anayemsikitikia. "Ukifika nyumbani umwambie mama nakaribia kumaliza. Anisamehe kwa kuchelewa. Na yule mdogo msimcheke pengo."

Mwanamvua alikaa sakafuni nyuma ya kiti chake. Alimsimulia habari za nyumbani, moja baada ya nyingine: nani ameoa, nani amezikwa, jinsi mama alivyomlilia. Nyange alisikiliza kwa adabu kama unavyosikiliza habari za jamaa wa mtu mwingine, na kila alipoitwa nje aliinama akajibu. Hakuchoka. Hakuna aliyemuuliza akakosa kujibiwa kwa upole. Dada yake aliona kwamba kaka yake hana kosa lolote, kwamba kazi aliyopewa anaifanya vilevile alivyoagizwa, na kwamba kwa uaminifu wake ule watu watakufa.

Tarishi kutoka Vumbaru aliingia Dirishani siku ya pili yake, amelowa hadi kiunoni. Kingo ya ziwa ilikuwa imeanza kuvuja upande wa chini. Aliyekuwa akiisikiliza alisema inaunguruma. Mwanamvua alimpitisha kwa Nyange, lakini Nyange alimwuliza alama ya Liwali, na kwa kuwa hakuwa nayo, akakataa kuipokea habari.

Mwanamvua alimwendea Mheshimiwa Dihenga.

"Nipe mtu wa kulisema neno la pili."

"Hatuna mtu huyo," alisema mzee. "Baraza hufungua mlango, basi. Neno hulisema mwenye haja. Tangu Ukuta ujengwe, hakuna ofisa wa Dirishani aliyewahi kumwondoa mtu. Tunajivunia hilo."

"Kwa hiyo niliseme mimi."

"Kama una haja," alisema mzee, akamnong'oneza neno lenyewe sikioni.

Alirudi kwenye korido. Alijaribu tena la upole, mara ya pili na ya tatu, akaigiza sauti ya Liwali kama alivyoikumbuka utotoni, na Nyange akatabasamu tu. Nje mstari ulikuwa mrefu kuliko siku zote, kwa kuwa mvua iliwatia watu wasiwasi. Kila aliyejibiwa alirudi nyumbani kwake kulala.

Mwanamvua aliweka mkono juu ya bega la kaka yake. Bega lilikuwa na joto. Nyange hakuuondoa mkono ule. Alikuwa ameinama, anamsikiliza mwanamke mmoja chini ya dirisha, aliyekuwa akiuliza kama amtoe mama yake mgonjwa kitandani au amwache.

"Mto ume..." Nyange alianza.

"Basi," alisema Mwanamvua.

Hilo ndilo neno la pili. Ni neno dogo ambalo watu hulisema chai inapotosha kikombeni.

Nyange aliegemea mbele, na paji la uso wake likagusa jiwe la dirisha. Pazia likajifunga lenyewe.

Mwanamvua alimlaza sakafuni, akamfumba macho, akamfunika kwa kanga yake. Hakulia, kwa sababu kazi iliyomfanya aseme lile neno ilikuwa bado. Alikaa kwenye kiti, akashika pazia. Halikufunguka. Akavuta kwa nguvu zake zote, halikufunguka. Bwana Kitogo, aliyekuwa amesimama mlangoni, akakohoa.

"Bado, bibie. Mhudumu akikatishwa, dirisha lazima lipoe. Kuna maneno ya marehemu ambayo yako njiani upande wa pili, hayajafika kwa wenyewe. Si vizuri ya kwako yakachanganyika na ya kwake."

"Litapoa lini?"

"Likipoa litafunguka. Si muda mrefu."

"Watu wanaondoka."

"Ipo ruhusa ya kukaa bila kungoja," alisema Bwana Kitogo, na ilionekana kwamba anasikitika kweli. "Lakini huombwa kabla ya kukaa. Ukishakaa hatuwezi kuipokea."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, bibie."

Kwa hiyo alingoja, miguuni mwake maiti ya kaka yake na mbele yake pazia. Ng'ambo ya jiwe alizisikia nyayo za watu wakitawanyika kwenye tope. Hawakuwa na hofu. Dirisha limefungwa, walikuwa wakiambiana, na jibu la asubuhi lilikuwa kwamba mto umetulia, waende wakalale.

Pazia lilipolegea na kufunguka, mwanamke mmoja tu alikuwa amebaki chini ya dirisha. Ni yule wa mama mgonjwa. Alikuwa amejifunika gunia kichwani.

"Nimesubiri," alisema. "Hakunimalizia. Alisema mto ume... umefanya nini?"

"Umejaa," Mwanamvua alimjibu. "Ziwa linapasuka. Mbebe mama yako mpande kilimani, na kila unayempita mwambie. Msibebe kitu kingine."

Mwanamke hakuuliza zaidi. Aliitwa Tausi, na mbio zake ndizo zilizookoa waliookoka. Alipita mlango kwa mlango akipiga kelele. Waliomsadiki walitoka na watoto wao. Wengi hawakumsadiki, maana dirisha lilikuwa limewaambia vingine kwa sauti waliyoizoea, na sauti ya jirani yao Tausi haikuwa na namba.

Kingo iliachia kabla ya jua kuzama. Maji yalishuka Bondeni yakipita penye mto na pasipo mto, yakabeba nyumba, miti na mifugo, yakafika Ukutani na kuupiga. Ukuta ulisimama kila mahali isipokuwa upande wa madirisha ya wenye vyeo, ambako askari waliyalinda mapazia bila kuuona ufa. Hapo ulibomoka, likabaki tundu pana la kupita ng'ombe. Waliookoka waliingilia hapo, wametapakaa matope, wakawa wanatembea koridoni wakiziona kwa mara ya kwanza nyuso za watu waliokuwa wakiwajibu maisha yao yote.

Baraza la Madirisha lilikaa siku hiyohiyo. Ajenda ilikuwa moja: tundu lile lipewe namba gani.

Mwanamvua alibaki dirishani hadi maji yalipopungua, akiwajibu waliokuwa wamekwama juu ya vilima. Mahali pake alipomwachia mtu mwingine wa Vumbaru, alimwambia mbele ya Bwana Kitogo ni nani aliyemkalisha na ni nani atakayemwinua kama Mwanamvua mwenyewe atakufa. Bwana Kitogo alisema hajawahi kusikia jambo kama hilo, lakini hakuna sheria inayolikataza. Kisha Mwanamvua akakodi punda, akamrudisha kaka yake nyumbani.

Wazee wa Vumbaru walimpokea langoni. Waliposikia anachobeba walitazamana. Mmoja wao akasema kwa sauti ya chini kwamba Nyange alikwishaliliwa, tena vizuri, mji mzima ulikuwapo; mtu hawekewi matanga mara mbili. Mwingine alisema watu wakiuliza amekufa lini itabidi ielezwe alikuwa wapi, na ikielezwa alikuwa wapi itaulizwa nani alimsahau. Walishauri azikwe kimyakimya. Walimsifu sana Mwanamvua kwa kazi aliyoifanya, wakaenda zao.

Bi Hidaya alikuwa ukumbini akichambua mchele. Alikuwa mzee sasa, na macho yake yalikuwa na ukungu.

"Umerudi," alisema. "Ulipaona alipofia kaka yako?"

Mwanamvua alikuwa amefikiria njia nzima atakavyomwambia. Angeweza kusema ndiyo, na uongo wake ungekuwa mdogo. Alikaa chini, akaichukua sinia ya mchele akaiweka kando, akaishika mikono ya mama yake.

"Nilimkuta hai, mama. Mimi ndiye niliyemuua."

Alimweleza yote, tangu kamba ya Bwana Kitogo hadi lile neno. Alipomaliza, mikono ya mama ilikuwa bado ndani ya mikono ya binti yake. Hakuitoa, wala hakuibana.

"Alinisalimia?" aliuliza mwishowe.

"Alisema umsamehe kwa kuchelewa."

Bi Hidaya akaanza kulia. Alilia vile wanavyolia watu waliokwishalia zamani wakadhani wamemaliza. Jirani mmoja alichungulia, akaona hakuna aliyetangaza msiba, akarudi ndani kwake.

Nyange alizikwa na watu wachache. Matanga yaliwekwa na wanawake wawili, kwenye ukumbi wenye mikeka ambayo hakuna aliyeikalia.

Siku ya tatu alifika mgeni, anachechemea, nguo zake bado na rangi ya matope ya Bondeni. Aliuliza nyumba ya mtu wa dirishani. Mwanamvua alimtambua kabla hajakaa, alikuwa Tausi.

"Nimekuja kuhani," alisema.

"Mama yako?" Mwanamvua alimuuliza.

"Mama yupo. Nilimbeba. Mume wangu alikuwa amekwenda dirishani asubuhi, kabla yangu. Akajibiwa, akarudi akalala. Nilipomwamsha alinikasirikia, akasema wewe unabishana na dirisha."

Tausi alivua viatu vyake, akasogea mkekani, akakaa karibu na Bi Hidaya mpaka mabega yao yakagusana.

"Sikuja kulaumu," alisema. "Nilitaka kumwona mama yake. Tangu nikiwa mtoto tulikuwa tunalala kwa neno lake, na mto ulikuwa umetulia kweli, mwaka baada ya mwaka. Sisi tulidhani anajua."

Bi Hidaya aliutafuta mkono wake kwa kupapasa, akaupata. "Nieleze sauti yake ilivyokuwa," alimwambia. "Mimi nilimjua akiwa kijana tu."

Tausi akaanza kumweleza. Mwanamvua aliinuka akaenda kuweka maji ya chai motoni, na alipoinama juu ya jiko, peke yake, ndipo machozi yake yalipotoka.